Sigor Hadi Ujerumani: Nyumba Haipatikani kwa Salamu

Ukipanda matatu Kericho kwenda Bomet, kupitia Litein, Kapkatet na Kaplong, macho yako yatashiba kijani cha majani chai. Ukishatoka Bomet mjini na kushika njia ya Sigor, kijani hicho hukatika. Umeingia Chepalungu, nchi ya mahindi na ng'ombe. (Usiichanganye na Sigor ya Pokot Magharibi, iliyo mbali kaskazini.)

Ukihamia hapa, tuseme wewe ni mwalimu mgeni, pa kulala utapauliza dukani. Mwenye duka atataka kujua umetoka wapi na nani anakufahamu, na kabla hujamaliza soda yako mtoto ameshatumwa kumwita mwenye ploti. Kijana wa hapa hata haulizi. Akishatahiriwa, hujenga nyumba yake katika boma la babake. Na jirani aliyeajiriwa kwenye mashamba makubwa ya chai hupewa chumba kwenye laini za kampuni pamoja na kazi.

Sasa fikiria kijana huyo akitua Ujerumani. Tangu Kenya na nchi hiyo zitie sahihi mkataba wa ajira mjini Berlin, Septemba 13, 2024, safari hiyo inazungumzwa katika nyumba nyingi, na wazazi wanapiga hesabu ya nauli kwa ng'ombe. Kodi ya nyumba huachwa nje ya hesabu hiyo.

Huko hakuna wa kumwita mwenye ploti. Sheria inakutaka ujiandikishe ofisini katika muda wa wiki mbili tangu kuhamia, ukiwa na barua ya mwenye nyumba. Bila kujiandikisha, namba yako ya kodi ya mapato haiji, kwani hutumwa kwa posta kwenye anwani yako. Naye mwenye nyumba, kabla ya kukupa ufunguo, huomba karatasi za mshahara za miezi mitatu na cheti cha Schufa, shirika linaloweka kumbukumbu za madeni ya watu. Mtu aliyeshuka ndege juzi atavitoa wapi? Hapo ndipo wengi hukwama, wakilala kwenye sofa ya mwenzao wiki baada ya wiki.

Tena soma tangazo kwa makini. Bei inayoitwa "kodi baridi" haina maji wala joto la nyumba ndani yake. Usishangae pia kukuta jikoni hamna sinki wala jiko. Mpangaji aliyetangulia ameng'oa vyake akaenda navyo! Dhamana inaweza kufika kodi baridi ya miezi mitatu, lakini sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Dai haki hiyo.

Mwanafunzi na aombe chumba cha hosteli siku ile ile anayopokea barua ya chuo, kwa maana foleni ni ndefu. Muuguzi naye aulize kama hospitali ina nyumba za wafanyakazi. Watu wa nchi ya chai wanazijua nyumba za namna hiyo, na wanajua kwamba kazi ikiisha, ufunguo hurudishwa. Basi iandikwe kwenye mkataba: nyumba ni ya miezi mingapi, na kodi inakatwa kiasi gani.

La kuogopwa zaidi ni yule "mwenye nyumba" anayeandika kwamba yuko safarini, kwa hiyo utume dhamana kwanza naye atakutumia ufunguo kwa posta. Picha ni nzuri na bei ni ya chini mno. Usitume hata senti kabla mtu unayemwamini hajaingia ndani ya nyumba hiyo kwa miguu yake. Jamaa wa Bomet wametapakaa siku hizi. Ulizia kanisani au shule uliyosoma, hutakosa aliye na binamu karibu na mji huo.