Homa ya Vipindi

Kiswahili kina jina la homa inayokuja na kuondoka: homa ya vipindi. Mgonjwa hutetemeka usiku kucha, na asubuhi, akifika mbele ya daktari, mwili umepoa na macho yametulia. Aliyekesha naye anajua kuwa ni mgonjwa. Daktari hana ushahidi ila maneno anayoambiwa. Mitambo nayo ina homa ya namna hiyo, na pengine hakuna ugonjwa unaomchosha fundi kuliko huo. Chombo kilichokufa kabisa hutulia mahali pake kikingoja kupimwa. Kinachokufa na kufufuka huponyoka kila kinapofuatwa.

Homa hii inafahamika vizuri miongoni mwa watu wanaojenga ndege nyumbani. Nchini Marekani sheria inamruhusu mtu wa kawaida kuunda ndege yake katika gereji, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Chama chao kikuu, Experimental Aircraft Association, kilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin, Paul Poberezny akiwa mwasisi wake. Ndege ya namna hiyo hubeba maandishi yanayomtahadharisha abiria kwamba ni ya majaribio. Mjenzi wake naye anaweza kupewa cheti kinachomruhusu kuikagua mwenyewe kila baada ya miezi 12 na kutia sahihi kwamba ni salama kuruka. Sahihi hiyo ni heshima na pia ni mzigo, kwani anayeiandika hana wa kumsukumia lawama.

Mjenzi mmoja wa Wisconsin, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliubeba mzigo huo kwa ajili ya mota ndogo. Alikuwa ametumia miaka saba kupigilia ribiti katika mabati ya alumini hadi akapata ndege ya viti viwili. Kama ndege nyingi, ilikuwa na flapu, yaani vipande vya ukingo wa nyuma wa mabawa vinavyoinamishwa chini wakati wa kutua ili ndege iweze kwenda polepole bila kupoteza nguvu ya kuelea. Mota moja ya umeme ilisukuma bomba lililopita chini ya sakafu, na bomba hilo liliziinamisha flapu za pande zote mbili kwa pamoja. Rubani alibonyeza swichi tu.

Siku moja, baada ya safari ya saa nzima, swichi ilibonyezwa na mota ikanyamaza. Alitua bila flapu, kwa mwendo wa kasi zaidi, akatumia sehemu kubwa zaidi ya njia. Ndani ya hanga mota iliitikia mara ya kwanza, na ya pili, na ya ishirini. Wiki mbili baadaye ikanyamaza tena angani, na chini ikaamka tena. Kutua bila flapu si msiba kwa rubani aliyejizoeza. Alichokihofia ni kinyume chake: flapu zishuke hadi mwisho, kisha aghairi kutua, nazo zikatae kupanda, ndege ikilazimika kupaa huku ikikokota mabawa yaliyoinama. Kiti cha pili kilikuwa cha mke wake, na ukaguzi wa mwaka ulikuwa umekaribia.

Ushauri uliomjia kwa wingi ulikuwa wa kubadilisha kila kitu: swichi, rilei, waya, mota. Ushauri huo una kasoro. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo, na fundi anayetupa vipuri vyote kwa pamoja humwadhibu asiye na hatia pamoja na mkosaji bila kujua mkosaji alikuwa nani. Aidha, anayekata waya mzima na kuuunga upya anaweza kuzaa hitilafu ya pili. Hata mita ya kupimia ukinzani hudanganya: waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba huonekana mzima kwa mkondo mdogo wa mita, kisha hushindwa mota inapodai mkondo wake kamili. Hitilafu ya umeme hupimwa chombo kikiwa kazini.

Kwa kuwa mota ilikataa kazi angani tu, mwalimu yule aliacha shahidi huko huko. Alichukua balbu ndogo ya volti 12, akaiunga kwenye ncha mbili za mota yenyewe, akaupitisha waya wake hadi mbele ya kiti cha rubani. Alichagua balbu ya nyuzi, kwa sababu mota hii hugeuza mwelekeo kwa kugeuzwa njia ya umeme, na balbu ya nyuzi huwaka umeme uingiapo upande wowote. Shahidi huyo alikuwa na majibu matatu. Mota ikinyamaza na balbu isiwake, umeme haufiki, na kosa ni la swichi, rilei au waya. Balbu ikififia, umeme unafika ukiwa dhaifu, na kuna kiungo kilicholegea au kilicholika kutu. Balbu iking'aa sawasawa, umeme umefika salama na njia ya kurudi ni nzima. Mkosaji ni mota.

Katika safari ya nne baada ya hapo, balbu iling'aa na mota ikanyamaza.

Lilibaki swali la kwa nini chini inapona. Mwalimu alifanya hesabu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi kwa kila futi 1,000, na mara zote mota ilikataa baada ya kukaa muda mrefu kwenye futi 8,000. Huko juu palikuwa na baridi iliyozidi ya uwanjani kwa nyuzi kama 16, ilhali hanga lake lilikuwa na joto. Aliifungua mota, akaitia katika mfuko wa plastiki na kuilaza usiku kucha ndani ya friza ya jikoni, kando ya samaki na njegere. Asubuhi aliiunga kwenye betri. Ilinyamaza. Akaigonga kwa mpini wa bisibisi, ikaamka.

Homa ilikuwa imeitwa, nayo ikaitika. Ndani ya mota alikuta grisi ya giaboksi imetambaa taratibu kando ya shafti hadi kwenye brashi za kaboni, ikachanganyika na vumbi lao na kuwa uji mweusi. Baridi ilipougandisha uji huo, brashi moja ilikwama katika ala yake isiguse shaba inayozunguka. Joto au mtikisiko wa kutua uliiachia. Alisafisha, akaweka brashi mpya, akabadilisha kizuizi cha mafuta kilichochakaa.

Mota ikazunguka vizuri, lakini hakutia sahihi siku hiyo, kwani hata kabla ya kufunguliwa ilikuwa ikizunguka vizuri ndani ya hanga. Mtu hawezi kudai amemfukuza mgeni asiyekuwapo. Aliirudisha mota kwenye friza usiku tatu mfululizo, na kila asubuhi iliitikia bila kugongwa. Ndipo alipofungua daftari la ndege na kuandika kilichoonekana, kilichofanyika na namna kilivyojaribiwa, kisha akaweka tarehe na jina lake. Balbu hakuiondoa. Ipo hadi leo mbele ya kiti cha rubani, na mke wake hujua maana ya kila mwanga wake.