Orodha Katika Kioo Kidogo

Ufupi wa maneno ni adabu, na kioo cha mistari 2 yenye nafasi 16 kila mmoja ni mwalimu mkali wa adabu hiyo. Nimekiunga na Arduino Uno, kibao chenye kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu, kiitawale taa ya mama yangu, asomaye Kiswahili peke yake.

Mpango wake si mgumu. Majina ya kazi hupangwa safu; namba moja hushika mahali pa kishale; kitufe kimoja huipandisha, cha pili huishusha, cha tatu hulitimiza lililochaguliwa. Vyuma vya kitufe hutetema kinapobonyezwa, basi programu hungoja kitambo isije ikahesabu mara moja kuwa nyingi.

Ugumu u katika lugha. “Punguza mwangaza” hujaza nafasi zote 16; kishale hakina pa kukaa. “Punguza nuru” ni 12, na maana haikupungua. Wako wasemao Kiswahili ni kirefu mno kwa mitambo. Sikubali. Herufi zake zote kioo kinazo, na msamiati wake ni ghala. Akosaye neno fupi hakuingia ghalani, alisimama mlangoni.