Mama na Mwana, sehemu ya 7: Gemu la Pokémon

Mmeniuliza kuhusu gemu la mkononi la Pokémon. Tuongee.

Lilitoka Japani mwaka 1996, likichezwa kwenye Game Boy. Aliyelibuni, Satoshi Tajiri, utotoni alipenda kukusanya wadudu, kama hawa wetu wanavyokimbiza panzi. Ndiyo maana mchezaji anazunguka porini akikamata viumbe.

Uzuri wake, halina papara. Wanapigana kwa zamu, kama bao. Mtoto anasoma, anahesabu nguvu zilizobaki, anafikiri, ndipo anabonyeza.

Ubaya wake, halina Kiswahili. Asiyejua Kiingereza anabonyeza tu. Halafu kila ukikamata kiumbe kuna kingine mbele, hakuna filimbi ya mwisho. Usingizi unaliwa hapo, na asubuhi mtoto anasinzia darasani.

Filimbi ni wewe, mama. Ila usimpokonye katikati ya pambano! Hapo gemu halihifadhiki. Ukilizima anapoteza yote aliyofanya tangu alipohifadhi mara ya mwisho. Kilio hicho si ukaidi. Mwambie, "Maliza hilo, hifadhi, zima." Kisha simamia neno lako.

Kwa wadogo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri hivi: chini ya miaka 2, skrini hapana, miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku.

Usiku gemu lilale chumbani kwako, siyo kwa mtoto. Kwako wewe linazimwa saa ngapi?