Machozi Yangu Nimempa Mwajuma

Jamani, kuna kitabu kimoja cha mapenzi ambacho waliosoma kidato cha tano na sita hawaishi kukisifia: Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999. Wengine walikutana nacho kwenye filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Hapa Kalangalala kila ninayemwazima anarudi analia: maskini Yasmin, maskini Denge! Mwenzenu nimekimaliza mara mbili, macho makavu.

Msije mkaniona nina roho ya jiwe. Mwanzo wake unauma. Binti wa Kihindi wa miaka 15 anaozwa kwa Raza, mwenye duka wa miaka 52. Siku alipomkimbia mzee yule nilimpigia makofi, na ndugu zake walipomfungia mlango niliwalaani.

Taabu yangu ni huyo Denge. Kijana kasoma Urusi, anapambana na ukoloni wa Mwingereza kule Zanzibar, polisi wanamwinda. Sikatai, uhuru haukuja kwa kulala. Lakini anajua wazi kwamba jela inamsubiri, na bado anamwacha msichana amtegemee. Moyo wake una mwenyewe tayari, nao ni siasa. Yasmin anapewa makombo, naye anayapokea kwa furaha. Hapo ndipo tunapoachana.

Sisi wa Geita akina Denge tunawajua, ila wa kwetu hawana hata hiyo siasa. Wanakwenda Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa. "Nisubiri, mama, duara likitema nakuja kukuoa." Duara halitemi. Au linatema, jamaa anahamia machimbo mengine na salamu hatumi. Binti anabaki anahesabu miezi. Kwa hiyo mtu akiniambia mapenzi ya kusubiriana ni matamu, mimi namuuliza: kodi ya chumba analipa nani wakati unasubiri?

Kwenye kitabu jibu ni Mwajuma. Mwanamke wa Ng'ambo, hana mbele wala nyuma, lakini anampokea Yasmin bila kujali kabila wala dini. Anakula naye, anamtembeza, anamfundisha mji, anatunza siri za wapenzi wale. Wenzake wanapendana, yeye ndiye mwenye nyumba. Hakuna anayemuuliza kama amechoka.

Shoga yangu mmoja ananibishia kwamba Yasmin alikuwa mtoto, angefanya nini? Kweli kabisa, wala simhukumu. Ila kumwelewa mtu ni kitu kimoja, kumlilia ni kingine. Na wala simlaumu Shafi Adam Shafi. Yeye ndiye aliyemchora Mwajuma akawa hai hivyo, mpaka nikimfikiria namwona kabisa kasimama mlangoni na kanga yake. Sisi wasomaji ndio tumezoea kuwatazama wawili wanaobusiana tu, aliyewapa kitanda hatumwoni.

Haya, dada unayesoma hapa, kama kuna rafiki aliyekulaza chumbani kwake huku wewe ukimsubiri wa duarani, leo mpelekee japo kilo ya sukari. Huyo wa duarani atajijua mwenyewe.