Maji ya Kunywa na Maji ya Kuoga



Baba mmoja wa Mbamba Bay, aliyevuta maji ya ziwa hadi nyumbani kwake, aliniomba ushauri: anunue chujio gani litakalotosha nyumba nzima? Kwetu milimani Mbinga swali hilo huishia kwenye sufuria: tunachemsha maji ya kunywa, basi. Lakini Ziwa Nyasa, pamoja na uangavu wake wote, lina kichocho, nacho hakingoji mtu anywe. Minyoo yake michanga, isiyoonekana kwa macho, hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya anayeoga au kufua. Chujio la kauri lililoko mezani (hata mimi ninalo, nami nalipenda) halimlindi mtoto aliyeketi ndani ya beseni.

Nilimshauri aiache kwanza mitambo ya bei kubwa, anunue matangi mawili yenye mifuniko. Minyoo hiyo ikikosa mwili wa kuingia hufa ndani ya siku mbili. Basi tangi moja litulie saa 48 huku lingine likitumika. Mdomo wa bomba ufungwe wavu mwembamba, maana konokono akiingia tangini hesabu yote imeharibika. Ya kunywa yaendelee kuchemshwa. Vijidudu vya kipindupindu haviondoki kwa kutulizwa.

Ile mitungi sita ya Kana (Yn 2:6), kila mmoja wa lita 80 hadi 120 hivi, haikuwekwa kwa ajili ya kunywa, bali kwa kujitakasa. Nyumba ile ilikuwa imeyatengea maji ya mwili nafasi yake.

Mkewe, aliyekuwa akisikiliza, akauliza: “Na nguo, Padre, nisizipeleke tena ziwani?”

Ndiyo, mama. Zifuliwe nyumbani.