Bila Bomu: Sharti Langu la Kwanza

Hivi ni lini mara ya mwisho ulijiwekea sharti ambalo hakuna aliyekuomba? Simaanishi malengo uliyopangiwa na bosi, wala dayati ya kuingia kwenye gauni la harusi ya shoga yako. Nazungumzia sharti ambalo ukilivunja hakuna atakayejua, na ukilitimiza hakuna atakayekupandisha cheo. Watu wazima wengi tunamaliza mwaka mzima bila kuwa nalo hata moja. Mimi langu nililipata kwenye gemu. Usicheke kwanza, mpenzi msomaji, nisikilize.

Mvua ya risasi

Kuna gemu za kurusha risasi ambazo Wajapani huziita danmaku, yaani pazia la risasi. Unamwendesha mhusika mdogo chini ya skrini, na kutoka juu zinakushukia risasi mamia kwa mpigo, zimepangika kama maua, kama feni, kama mapambo ya kanga. Wengi huitaja Batsugun ya kampuni ya Toaplan, ya mwaka 1993, kuwa ndiyo iliyofungua njia. Toaplan ilipofilisika, baadhi ya watu wake walianzisha Cave, na mwaka 1997 Cave ikatoa DoDonPachi kwa ajili ya zile mashine za kutumbukiza sarafu. Si mchezo, bwana.

Siri yake ni hii: mhusika wako anaonekana mkubwa, lakini sehemu inayoua ni kidoti tu katikati ya mwili. Risasi inaweza kupita kwenye mikono ya nguo yako na usife. Yaani macho yanakutisha kuliko hatari yenyewe.

Gemu yangu mimi ni Perfect Cherry Blossom ya mwaka 2003, kutoka mfululizo wa Touhou. Aliitengeneza Mjapani anayejiita ZUN, mtu mmoja aliyeandika programu, akachora na kutunga muziki. Ina hatua sita, na ukienda mwanzo hadi mwisho ni kama nusu saa. Nilikuwa nimeshaimaliza kwenye kiwango cha kawaida kwa sarafu moja, maana yake roho zikiisha hakuna kuendelea, unaanza upya. Ukifika hapo unajiuliza: sasa nifanye nini?

Unajinyima nini?

Mume wangu, ambaye naye ni mchezaji, alikuwa na jibu la haraka: panda hadi Lunatic, kiwango cha juu kabisa. Nikamwambia hilo si sharti, hiyo ni gemu kukuongezea mzigo. Sharti ni wewe kujinyima kitu ambacho unacho na unaruhusiwa kukitumia. Kama fundi wa drafti kijiweni anayeondoa kete zake mbili kabla ya kucheza na mwanafunzi. Au kama funga ya sunna: chakula kipo, ruhusa ipo, umeamua tu.

Basi tukakaa tukapanga machaguo mezani. La kwanza, kumaliza bila kuguswa hata mara moja. Linavutia, lakini kosa dogo hatua ya sita linafuta nusu saa nzima. Kwa mtu anayetoka kazini amechoka, hilo ni kujitafutia ugomvi na laptopu. La pili, kutotumia mwendo wa polepole, ule unaokuwezesha kupenya kwenye vijinafasi. Linabadilisha mchezo mzima, inakuwa kama kujifunza gemu nyingine. La tatu, kutofyatua risasi kabisa, unakwepa tu hadi muda wa bosi uishe. Hilo ni la wenye subira ya kuvua kwa ndoana.

La nne ni kucheza bila bomu. Bomu kwenye gemu hizi linafagia risasi zilizo karibu yako na kukukinga kwa muda. Mhusika wangu, Reimu, anaanza na matatu. Tena ukifa, unarudishiwa idadi yako ileile ya mwanzo, na uliyokuwa umeyabana yanapotea. Kwa hiyo ushauri wa kawaida kwa anayeanza ni kuyatumia bila uchoyo. Mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri wa ushauri huo. Ikitokea rangi nisiyoipenda, kidole kiko kwenye X.

Nikachagua hilo, kwenye kiwango kilekile nilichokimudu. Roho zangu ninazo, mwendo wa polepole ninao, risasi ninazo. Limeondoka jambo moja tu, lile nililoliegemea zaidi.

Ubishi wa ngao

Tatizo likaja. Gemu hii ina ngao: ukikusanya pointi za kutosha inajiwasha yenyewe kwa sekunde chache, na ukipigwa humo hufi, risasi zinafutika. Ukitaka, unaweza kuivunja mwenyewe kwa kubonyeza X, risasi zikafutika bila kugharimu bomu.

"Mama, hiyo nayo si bomu la mlango wa nyuma?" mume wangu akauliza. Tukabishana hadi chai ikapoa. Wapo wachezaji wanaojinyima hata ngao, isivunjike hata mara moja. Nikaona hilo ni sharti la pili, lisubiri zamu yake. Nikachukua kipande cha plasta nikakibandika juu ya X. Kidole kisiguse hapo, basi. Ngao ikipasuka kwa kupigwa, sawa. Kuipasua mwenyewe, hapana. Sharti likawa kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukihakiki kwa kuangalia kibodi.

Tukakubaliana na jambo jingine, maana nyumba ni ya wawili: majaribio mawili kwa usiku, baada ya chakula. Ya tatu ni ya ndoa.

Nilichokiona

Wiki ya kwanza nilichapwa ile mbaya hatua ya nne, na wale dada watatu wanamuziki, wa fidla, wa tarumbeta na wa kinanda. Zamani hapo ndipo mabomu yangu yalipoishia. Sasa ilibidi nitazame. Nikagundua risasi nyingi hulenga pale uliposimama. Ukikimbia ovyo unazitawanya skrini nzima na kujizibia njia. Ukisogea kidogo kidogo kuelekea upande mmoja, zinakufuata nyuma kama msururu wa siafu, mbele kunabaki kweupe. Ilikuwa hivyo siku zote. Bomu ndilo lililokuwa linanifutia picha kabla sijaisoma.

Mume wangu akatazama, akasema taratibu, "Na sisi tuna bomu letu." Nilijua analolisema. Nyumba nyingi zina neno hilo: basi, yaishe. Skrini inakuwa safi, na kesho risasi zinashuka kwa mpango uleule. Hatukulibandika plasta, lakini usiku ule tulizungumza hadi mwisho jambo la ada ya chuo ya mdogo wake, ambalo lilikuwa limeyaishwa mara tatu.

Wiki ya tano nikamfikia Yuyuko, bosi wa mwisho na vipepeo vyake, nikiwa na roho mbili. Moja ikaenda. Ile nyingine ikatosha. Gemu ikanipa nafasi ya kuhifadhi marudio ya mchezo, nikayahifadhi. Huyo ndiye shahidi wangu pekee, ukimtoa aliyekuwa amekaa pembeni na bakuli la karanga.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu, anzia kwenye gemu na kiwango ambacho umeshakimaliza. Angalia ni kitufe gani unakikimbilia ukiogopa, uondoe hicho kimoja tu. Sharti lako liseme kwa sentensi moja ambayo mwenzako anaweza kulihakiki bila kukuuliza. Na mpangie muda, naye pia, kabla hujawasha kompyuta. Plasta duka la dawa zipo.