Mabingwa Waliokuja Kununua Chipsi

Kabla sijalijua jina la bingwa yeyote wa baiskeli za milimani, nilikuwa nimeshawauzia baadhi yao chipsi. Ilikuwa Septemba 2007, mjini Fort William, Uskoti. Nilikuwa mwanafunzi Glasgow, sina hela, na mwenye gari moja la kuuza chakula alikuwa anatafuta vibarua wa kwenda naye kwenye Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Milimani. Aliniuliza kama naweza kukaanga. Nikamjibu kwamba mimi ni mtoto wa Lushoto, viazi mbatata nimevijua vikiwa bado shambani.

Fort William ni mji mdogo uliokaa chini ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza. Wenyeji wanauheshimu sana. Una mita 1,345, na sikupenda kuwavunja moyo kwa kuwaambia kwamba kwetu mama zetu wanauza kabeji sokoni juu zaidi ya hapo. Mbio za kuteremka zilifanyika kwenye mlima wa jirani, Aonach Mòr, wenye magari ya waya yaliyojengwa mwaka 1989 kwa ajili ya watelezaji wa theluji. Kukiwa na mashindano, waendeshaji hupandishwa na magari hayohayo, wao na baiskeli zao, kisha hushuka mmoja mmoja wakishindana na saa. Njia ina urefu unaokaribia kilomita 3 na inashuka zaidi ya mita 500. Juu ni mawe matupu na upepo, katikati kuna msitu wenye mizizi na matope meusi, na chini kuna miruko mikubwa ambapo mtu hupaa mbele ya maelfu ya watazamaji wanaopiga kengele za ng'ombe na kuvurumisha chenso zilizovuliwa minyororo. Aliye hodari humaliza kwa dakika 4 na nusu hivi. Ukiuona ule mteremko kwa miguu utajiuliza kama hata mbuzi angekubali.

Mimi siku ya fainali sikuziona mbio. Nilisikia tu. Sam Hill wa Australia alishinda kwa wanaume na Sabrina Jonnier wa Ufaransa kwa wanawake, lakini kelele zilizotikisa gari letu zilikuwa za Ruaridh Cunningham, kijana wa Kiskoti aliyetwaa ubingwa wa vijana nyumbani kwao. Mteja niliyekuwa namhudumia aliacha chenji yake akakimbia.

Ninachokumbuka zaidi ni wateja wa siku za mazoezi. Walikuja vijana wembamba, wengine wamefungwa bendeji kwenye viwiko, matope yamekauka shingoni, wakasimama foleni kama watu wote. Walihesabu sarafu. Mmoja aliomba barafu ya kuweka kwenye kifundo cha mkono, nikampa ndani ya mfuko wa chumvi, akarudi baadaye kuniletea mfuko. Nilimdhania kibarua mwenzangu, labda wa kusimika uzio. Jumapili nikamwona akipita, amevaa jezi ya taifa lake. Sitamtaja, maana kwake mimi nilikuwa ni dirisha tu lenye harufu ya mafuta.

Mafuta yalipokuwa yanapoa jioni nilikwenda kutembea kwenye mahema ya timu, na hapo ndipo nilipotekwa. Hapakuwa na mlinzi. Ungeweza kusimama hatua mbili kutoka kwa fundi aliyekuwa anapunguza meno ya tairi kwa mkasi, ili litoe matope kirahisi, ukamuuliza kwa nini anakata la nyuma na si la mbele, naye akakueleza bila kuinua kichwa. Mwendeshaji mwenyewe angekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, miguu ndani ya ndoo ya maji baridi, anakula ndizi. Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa wazi. Honda walikuwa na timu miaka ile, baiskeli yao ikiwa na gia zilizofichwa ndani ya kisanduku, na kisanduku hicho kilikuwa siri iliyolindwa vikali. Mwisho wa mwaka huohuo wakajitoa kwenye mchezo na siri yao. Ila katika mahema mengi mgeni alikuwa mgeni tu, anakaribishwa.

Kwenye timu hiyo ya Honda ndimo alimokuwa Greg Minnaar, mtu wa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2003. Nilipojua kwamba kuna Mwafrika kati ya wale wakubwa nilianza kujipa haki ya kushangilia. Rafiki yangu mmoja kutoka Kisumu alinitania kwamba kutoka Pietermaritzburg hadi Usambara ni mbali mno kwa mtu kudai undugu. Undugu wa michezoni haupimwi kwa ramani, nikamwambia, la sivyo yeye angeeleza anavyohusiana na Arsenal.

Miaka iliyofuata nilirudi kama mtazamaji aliyelipa kiingilio. Fort William ilikuwa imeanza kupokea Kombe la Dunia, yaani mfululizo wa mbio za kila msimu, mwaka 2002, na karibu kila mwanzo wa majira ya joto msafara ulirudi, nami nikapanda basi la Glasgow, nikapita Glencoe, nikafika mvua inanyesha. Mvua ina nafuu yake: inafukuza usubi. Siku isiyo na mvua wala upepo, wadudu wale wanakuingia mpaka ndani ya kope.

Mchezo nao ulikuwa unakua. Kuanzia 2012, Red Bull walionyesha mbio hizi mtandaoni bila malipo, na mtangazaji wao Rob Warner, mwendeshaji wa zamani ambaye mwaka 1996 alikuwa Mwingereza wa kwanza kushinda mbio za Kombe la Dunia za kuteremka, alitangaza kwa kupayuka kama mtu anayeona nyumba inaungua. Watu ambao hawajawahi kugusa baiskeli ya milimani wakaanza kuwajua waendeshaji kwa majina. Mwaka 2013 niliangalia kwenye kompyuta Mashindano ya Dunia yakifanyika Pietermaritzburg kwenyewe. Minnaar alimaliza tairi la nyuma limeisha upepo, akashinda kwa chini ya nusu sekunde, mbele ya watu wa mji wake. Majirani wangu wa Glasgow waligonga ukuta.

Basi alipokuja Fort William baada ya hapo, foleni ya kumwona haikuwa ya kawaida tena. Alishinda pale 2015, akashinda 2016, akashinda 2017. Mwaka huo wa tatu mazungumzo yote ya mahemani yalikuwa magurudumu. Timu yake ilikuwa imeleta ya inchi 29, makubwa kuliko yaliyozoeleka kwenye baiskeli za kuteremka, na mafundi wa timu nyingine walikuwa wanapita na kupita tena wakijifanya wanatafuta choo. Sasa palikuwa na meza, palikuwa na saa ya kusaini iliyobandikwa, palikuwa na mabango yaliyochapishwa tayari. Nilisimama foleni na watoto waliovaa helmeti. Nilipofika nilipewa mkono na saini, na kabla sijaimalizia sentensi yangu ya kwamba natoka Tanzania, aliyekuwa nyuma yangu alikuwa ameshaweka jezi mezani. Lile bango ninalo. Silaumu mtu, foleni ilikuwa inafika hadi kwenye maegesho. Lakini mwaka 2007 mtu wa namna hiyo ungemkuta anasubiri chai.

Kukutana kwenyewe, kule kwa kukaa na kuongea, kulikuwa kumehamia ukingoni mwa uwanja, walikoegesha wale wasio na timu. Hawa ni watu ambao tungewaita wanajitegemea. Wana leseni, wana pointi, wanashindana na mabingwa kwenye njia ileile, lakini nauli, chakula na vipuri ni juu yao. Wanalala ndani ya magari ya mizigo. Mmoja alikuwa kijana wa New Zealand aliyeniita nimshikie baiskeli, kwa sababu alikuwa anatoa hewa kwenye breki na mikono miwili haikumtosha. Nikashika. Alifanya kazi polepole, bomba la sindano mdomoni, na kati ya tone na tone alinieleza hesabu ya maisha yake. Hakuihesabu kwa pauni. Aliihesabu kwa matairi. Kutoka hapo kwenda mbio zinazofuata ni matairi mawili, kumwona daktari wa bega ni matairi manne, na kuingia kwenye 60 bora siku ya mchujo, ili aonekane kwenye fainali, haina bei.

"Na nyumbani kwenu wanaendesha?" akaniuliza.

Nikamweleza barabara ya kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, ilivyojikunja ukingoni mwa mlima, na vijana tuliowaona utotoni wakishuka na magunia ya mboga nyuma ya baiskeli za kawaida, zisizo na shokabu wala gia, breki zikichoka wanabana tairi kwa soli ya kandambili. Aliacha kazi. Akataka kujua mteremko una urefu gani, magunia yana uzito gani, na wakikutana na basi kwenye kona wanafanyaje. Nilimjibu kwamba wengine wanapiga kelele na wengine wanasali. Alicheka, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba hao anawaogopa kuliko wapinzani wake wote, kwa sababu yeye akianguka kuna gari la wagonjwa linamsubiri chini, wao hawana.

Hakuingia kwenye 60. Nilimwona Jumapili nje ya uzio kati yetu watazamaji, amevaa koti la mvua, akimshangilia mtu aliyemzidi sekunde mbili tu siku ya mchujo.

Mashindano hayakufanyika Fort William mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya Uviko. Yaliporudi, mambo yaligeuka haraka. Mwaka 2023 uendeshaji na utangazaji wa Kombe la Dunia ulichukuliwa na Warner Bros. Discovery. Waliozoea kuangalia bure wakaambiwa walipie. Ikaletwa nusu fainali, na fainali ya wanaume ikabaki ya watu 30. Ukiisikia kwenye televisheni ni jambo la busara: mbio fupi, majina makubwa, hakuna kusubiri. Ukiifikiria ukiwa kwenye yale magari ya mizigo, ni nusu ya nafasi imeondolewa kwa watu waliokuwa tayari wanahesabu matairi.

Agosti ya mwaka huo Mashindano ya Dunia yalirudi Fort William, safari hii yakiwa sehemu ya tamasha kubwa la Glasgow lililokusanya michezo karibu yote ya baiskeli kwa pamoja. Nilikwenda na binti yangu. Uzio ulikuwa mwingi, walinzi walikuwa wapole ila walikuwa wengi. Charlie Hatton wa Uingereza alishinda kwa wanaume, Valentina Höll wa Austria kwa wanawake, na nikiri kwamba kwa utazamaji pekee sijawahi kuona siku nzuri kuliko ile. Skrini zilionyesha kila kona. Mwaka 2007 usingejua kinachotokea msituni mpaka mtu atokee chini.

Binti yangu hakujali skrini. Alitaka kuongea na mwanamke mmoja aliyeanguka siku ya mazoezi na bado alikuwa anapanda. Tulimkuta karibu na sehemu ya kuoshea baiskeli, si bingwa, wa timu ndogo, bomba la maji mkononi. Nilitegemea mtoto aulize kuhusu woga. Aliuliza asubuhi huwa anakula nini.

"Uji," alijibu yule dada. "Wa shayiri. Kila siku."

Binti yangu alinigeukia kwa macho ya mtu aliyesalitiwa, maana ile ndiyo vita yetu ya kila asubuhi. Waliongea karibu robo saa, wakiwa wamechuchumaa kwenye matope, kuhusu namna ya kushika breki kwa kidole kimoja na kwa nini mtu hatazami jiwe analoliogopa. Hakuna aliyepiga picha.

Siku hizi waendeshaji wanajirekodi wenyewe. Naweza kukuambia mabingwa wanafanya mazoezi gani na mbwa wao wanaitwa nani, bila kutoka kitandani. Ni mengi kuliko niliyoyapata kwenye mahema, na yote ni yale waliyochagua kusema. Fundi wa mwaka 2007 hakuchagua swali langu la tairi. Hilo ndilo lililopungua, na kwa maoni yangu si kosa la waendeshaji. Kila walipopewa dakika tano zisizo na ratiba, niliwakuta watu walewale niliowauzia chipsi.

Minnaar, aliyetwaa ubingwa wa dunia tena mwaka 2021 akiwa na miaka 39, alistaafu mwisho wa 2024. Kalenda ya Kombe la Dunia ya 2025 ilitoka bila Fort William. Lakini kwa wewe msomaji uliye Ulaya, kuna Les Gets Ufaransa, Val di Sole Italia na Leogang Austria, ambako mbio hizi zimekwenda mara nyingi. Usiende Jumapili peke yake. Nenda siku ya mazoezi, asubuhi, na uvae viatu usivyovihurumia. Pita mahema makubwa, zunguka hadi nyuma kabisa walikoegesha magari ya mizigo, na ukimkuta mtu anahangaika na breki, muulize kama anataka ushike baiskeli.